Ganda Lililokwama ni Shahidi, Usilitupe

Askari aliye lindoni usiku ana mambo matatu ya kutegemea: macho yake, mwenzake na silaha yake. Macho huzidiwa na giza. Mwenzake huenda yuko upande wa pili wa uzio. Basi silaha isipotii, askari huyo amebaki peke yake. Na miongoni mwa namna zote ambazo silaha hukataa kutii, ipo moja iliyo chungu kuliko zote: risasi ya kwanza imetoka vyema, askari anavuta kishikio ili aingize ya pili, na kishikio hakisogei. Ganda tupu limeng'ang'ania ndani ya chemba kama kupe. Bunduki iliyobakiwa na risasi nne katika magazini imegeuka kuwa rungu.

Makala haya yahusu bunduki ya marisawa inayokokiwa kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele, ambayo wengi huiita bunduki ya pampu. Ndiyo ambayo walinzi wa mabenki, wa maghala na wa misafara ya fedha huonekana nayo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, na polisi wa nchi nyingi wanayo pia. Husifiwa kwa wepesi wake na kwa kutochagua sana aina ya risasi. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo bunduki hii ni kazi ya mikono na mashine za binadamu, na kazi ya binadamu haikosi ila.

Jambo tunalotaka askari alishike ni hili: ganda linapokwama, si mkosi, na mara nyingi si uzembe wa aliyeishika bunduki. Lina chanzo, na chanzo hicho kinaweza kutafutwa hadi kijulikane. Shahidi wa kwanza katika upelelezi huo ni ganda lenyewe. Askari anayelitupa ganda hilo kichakani, kisha akanyamaza kwa kuogopa maneno ya wakubwa, amemtupa shahidi, na amemwachia mwenzake wa zamu ijayo kaburi lililokwisha chimbwa.

JINSI GANDA LINAVYOTOKA

Hapana budi kwanza kuielewa kazi yenyewe. Kipande cha chuma kinapoigonga fataki, baruti huwaka na mgandamizo mkubwa hutokea ndani ya ganda. Ganda hutanuka, likajibana kwenye kuta za chemba na kuzuia moto usirudi nyuma usoni pa askari. Mara marisawa yanapotoka mdomoni mwa mtutu, mgandamizo hushuka, na ganda hunywea kidogo. Ni kule kunywea ndiko kunakoliachilia kutoka kwenye kuta.

Hapo ndipo mkono wa askari unapoingia kazini. Katika bunduki nyingi zinazojikoki zenyewe, gesi ya baruti ndiyo inayovuta. Katika hii, nguvu yote ni ya mkono. Kishikio kikivutwa, fito za chuma zilizoungana nacho hufungua komeo na kurudisha nyuma kipande kinachoziba chemba. Kwenye kipande hicho kuna kulabu ndogo, pengine haizidi ukucha wa kidole, ambayo hushika ukingo wa ganda na kulivuta. Ganda likishafika nyuma, chuma kingine hulizuia upande wa pili, nalo hugeuka na kurushwa nje kupitia dirisha la ubavuni. Kishikio kikisukumwa mbele, risasi mpya huingia.

Maelezo haya yana maana moja kubwa. Kutoka kwa ganda hutegemea mambo matatu tu: risasi, chemba na kulabu. Hao ndio watuhumiwa wetu watatu.

KASORO SI JAMBO GENI

Wako wanaodhani kwamba kitu kilichotoka kiwandani kikiwa na mhuri hakiwezi kuwa na kosa. Historia ya bunduki hii inawakanusha tangu siku zake za mwanzo. Mwaka 1893 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa bunduki ya marisawa ya kuvuta na kusukuma iliyobuniwa na John Browning. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi. Lakini katika miaka hiyo hiyo baruti isiyotoa moshi ilikuwa inaenea, na mgandamizo wake ulikuwa mzito kwa mwili wa bunduki ile. Kampuni haikuficha jambo hilo. Iliimarisha umbo lake, ikatoa bunduki mpya mwaka 1897, na wenye zile za kwanza wakapewa nafasi ya kuzirudisha na kupata mpya. Bunduki hiyo ya 1897 iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1957, na zilizotoka kiwandani zilizidi milioni moja. Laiti kasoro ya kwanza ingefichwa, sifa hiyo isingalipatikana.

Askari wa Marekani waliichukua bunduki hiyo hiyo hadi kwenye mahandaki ya Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Septemba 1918 serikali ya Ujerumani ilipeleka malalamiko rasmi ikidai kwamba silaha hiyo inakiuka sheria za vita. Lakini wenyewe waliokuwa nayo walikuwa na malalamiko mengine. Maganda ya risasi za wakati huo yalikuwa ya karatasi ngumu. Katika tope na mvua za mahandaki karatasi ilinyonya maji ikavimba, na risasi iliyovimba haiingii vyema chembani wala haitoki vyema. Dawa haikuwa kumkaripia askari kwa kulowana. Dawa ilikuwa kutengeneza risasi zenye ganda la shaba tupu. Leo maganda mengi ni ya plastiki, ambayo yalianza kuuzwa mwaka 1960, na plastiki hainyonyi maji. Kitako cha ganda, hata hivyo, bado ni cha metali, na humo ndimo matatizo mengi ya siku hizi yamejificha.

MTUHUMIWA WA KWANZA: RISASI

Kitako cha risasi iliyo nzuri hufanywa kwa shaba ya manjano. Shaba hiyo ina tabia ya kutanuka na kisha kunywea upesi. Risasi za bei nafuu mara nyingi huwa na kitako cha feleji kilichopakwa rangi ya shaba. Kwa macho hazitofautiani. Sumaku ndogo itakuonyesha ukweli mara moja, kwa sababu feleji hunasa na shaba hainasi. Feleji hutanuka lakini hainywei kama shaba, kwa hiyo hubaki imejibana. Katika chemba iliyo laini mkono hautahisi tofauti. Katika chemba yenye mikwaruzo, ganda la feleji litakwama wakati lile la shaba linatoka bila taabu.

Urefu nao ni wa kuangaliwa. Chemba nyingi za zamani zilichongwa kwa risasi ya milimita 70, na nyingine hupokea ya milimita 76. Vipimo hivyo ni vya ganda lililokwisha kufunguka baada ya kupigwa. Ndiyo maana risasi ndefu inaweza kuingia kwa urahisi katika chemba fupi, kisha ikakosa nafasi ya kufungukia. Mgandamizo hupanda kupita kiasi, na ganda kukwama ni dogo la madhara yake. Kipimo cha chemba huandikwa ubavuni mwa mtutu. Kisome kabla ya kupokea boksi la risasi, si baada.

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya risasi za ukubwa tofauti. Risasi ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12. Ikiingizwa kimakosa katika mtutu wa namba 12 itateleza mbele na kukaa ndani ya mtutu bila kuonekana. Askari ataona chemba tupu, ataingiza risasi nyingine nyuma yake, na mtutu utapasuka mkononi mwake. Ni kwa sababu hiyo viwanda vimezoea kuipa namba 20 ganda la rangi ya manjano. Risasi ya manjano isionekane mfukoni mwa askari mwenye bunduki ya namba 12.

MTUHUMIWA WA PILI: CHEMBA

Chemba huchongwa kwa kekee maalumu. Kekee iliyo kali huacha ukuta laini kama kioo. Kekee iliyochakaa huacha mistari ya duara ambayo jicho huenda lisiione lakini ganda huihisi. Kiwanda kinapofanya haraka, kazi ya kulainisha hupunguzwa, na bunduki hutoka ikiwa mpya, inang'aa kwa nje, na ndani ina meno. Hii ndiyo kasoro ya kiwandani inayowadanganya wengi, kwa sababu hakuna anayeishuku bunduki mpya.

Chemba njema nayo huharibiwa na matumizi. Aliye lindoni kando ya Ziwa Viktoria hupambana na unyevu, na kutu haihitaji wiki nyingi kula ukuta wa chemba. Aliye Karamoja hupambana na vumbi. Aliyepiga risasi nyingi mazoezini huacha utando wa plastiki iliyoyeyuka na masizi ya baruti. Wengi husafisha mtutu kwa bidii na kuisahau chemba, kwa kuwa ni pana kuliko mtutu na kitambaa hupita bila kuigusa. Chemba yataka brashi yake yenyewe, ya shaba, iliyo pana, izungushwe kwa dawa ya kusafishia, kisha ifutwe mpaka ikauke.

Neno "ikauke" tumeliweka makusudi. Wapo wanaomimina mafuta chembani wakidhani ganda litateleza. Kweli litateleza, lakini lisiposhikana na ukuta, nguvu yote ya mlipuko hurudi kwenye komeo. Tena mafuta hukusanya vumbi, na yakipenya kwenye fataki huiua risasi. Chemba iwe safi na kavu. Mafuta machache ni ya fito na sehemu zinazosuguana.

MTUHUMIWA WA TATU: KULABU

Kulabu ya kuvutia ganda ni kipande kidogo chenye kazi kubwa. Feleji yake ikiwa laini mno, ncha huchakaa na kuteleza kwenye ukingo wa ganda. Ikiwa ngumu mno, huvunjika. Springi yake ikilegea, au uchafu ukijazana nyuma yake, haishiki sawasawa. Makosa hayo yote yanaweza kutoka kiwandani, na yote yanaweza kuja na umri. Uzuri wake ni kwamba kulabu na springi yake hubadilishwa kwa urahisi na fundi wa silaha, kwa gharama isiyolingana hata kidogo na thamani ya uhai wa mtu.

MKONO NA GANDA HUSEMA NINI?

Askari hahitaji kuwa fundi ili atoe ushahidi. Akumbuke tu mkono wake ulihisi nini, kwa maana zipo dalili tatu zisizofanana.

Kishikio kikikataa kabisa kurudi nyuma ingawa risasi imelia, ganda limebanwa: shuku risasi au chemba. Kishikio kikirudi kwa wepesi lakini ganda likabaki chembani, kulabu imeteleza au imevunjika. Na ganda likitoka chembani lakini likabaki limelala ndani ya bunduki bila kurushwa nje, kosa ni la kile chuma cha kurushia, au la askari aliyevuta nusu nusu. Bunduki hii haitaki mkono wa woga. Yataka ivutwe kwa nguvu hadi mwisho na kusukumwa kwa nguvu hadi mwisho.

Kisha litazame ganda. Mikwaruzo ya urefu au alama za duara kwenye kitako cha metali zinasema chemba haikuwa laini. Ukingo uliong'olewa kipande unasema kulabu ilivuta kwa nguvu na ganda halikukubali kutoka. Kitako kilichovimba upande mmoja kinataka kuangaliwa na fundi kabla bunduki hiyo haijapigwa tena.

Shaka ikibaki kati ya risasi na bunduki, liko jaribio rahisi la kufanywa katika uwanja wa shabaha chini ya msimamizi. Chukua bunduki mbili na maboksi mawili ya risasi kutoka viwanda tofauti. Kila bunduki ipige risasi tano za kila boksi. Maganda ya boksi moja yakikwama katika bunduki zote mbili, risasi ndiyo mkosaji. Bunduki moja ikikwama na risasi za maboksi yote mawili, bunduki ndiyo mkosaji. Na kama bunduki moja inakwama kwa boksi moja tu, wamekutana wawili wabaya: risasi ngumu na chemba yenye mikwaruzo. Risasi ishirini zitakuwa zimemaliza ubishi wa mwezi mzima.

BUNDUKI INAPOKWAMA MKONONI

Yote hayo ni ya baadaye. Wakati wenyewe wa kukwama, la kwanza ni kuelekeza mdomo wa bunduki mahali salama na kuondoa kidole kwenye kifyatulio. La pili ni kujiuliza: je, risasi ililia? Bunduki hii imeundwa ili kishikio kifungwe mpaka kifyatulio kivutwe au kitufe cha kufungulia kibonyezwe. Mara nyingi askari huidhania imekwama kumbe imejifunga tu kama ilivyoagizwa.

Ikiwa kifyatulio kimevutwa na hakuna mlio, usifungue. Subiri walau nusu dakika, mdomo ukiwa mahali salama, kwa kuwa fataki mbovu huweza kuchelewa na kulipuka baadaye. Ikiwa mlio ulikuwa hafifu, acha kupiga kabisa hadi mtutu utakapotazamwa na kuonekana uko wazi, maana huenda kuna kitu kimebaki ndani.

Na sasa tuseme wazi juu ya tabia mbaya iliyozoeleka: kugonga kitako cha bunduki chini huku mtu akivuta kishikio, mdomo ukiwa umeelekea kidevuni mwake. Anayefanya hivyo anaamini kwamba chembani mna ganda tupu. Imani si uhakika. Siku atakapokuwa amekosea hatapata nafasi ya kujirekebisha. Hali kadhalika fimbo ya kusafishia isiingizwe mdomoni mwa mtutu kulisukuma ganda mpaka fundi ahakikishe kwamba limekwisha kupigwa. Kupiga tupa kulabu au kukwangua chemba kwa msasa kambini si ujuzi, ni kuharibu mali ya umma. Fundi hulainisha ukuta wa chemba bila kuipanua, na tofauti ya mambo hayo mawili ni ndogo kuliko unene wa unywele.

RIPOTI ILIYO KAMILI

Mwaka 1876, baada ya vita vya Little Bighorn huko Marekani, ambamo Jenerali Custer na askari wake waliangamia, Meja Marcus Reno aliyenusurika aliwaandikia wakuu wa idara ya silaha. Hakuandika kwamba bunduki zote ni mbovu. Aliandika kwamba kati ya bunduki 380 za kikosi chake, sita ziliharibika kwa namna moja: kichwa cha ganda kiling'oka na kiwiliwili chake kikabaki chembani. Alitaja idadi, akataja namna, akaeleza kisa. Baadaye jeshi hilo liliwapa wapanda farasi kifaa cha kutolea ganda lililokatika, na likaacha maganda ya shaba nyekundu kwa yale ya shaba ya manjano yaliyo imara zaidi. Miaka zaidi ya mia ikapita huku watu wakisimulia kwamba kikosi kizima kiliangamia kwa sababu bunduki zilikwama. Wataalamu wa mambo ya kale walipouchimba uwanja ule mwaka 1984 na 1985, walikuta maganda machache tu yenye alama za kuchokolewa. Maneno ya Meja na maganda ya ardhini yalipatana. Uvumi ndio uliosema uongo.

Ripoti ya askari wetu ifuate mfano huo. Iandikwe katika daftari la silaha: namba ya bunduki, jina la kiwanda cha risasi na namba iliyopigwa kwenye boksi, risasi ngapi zilipigwa, ngapi zilikwama, mkono ulihisi nini, na hali ya hewa ilikuwaje. Ganda litiwe katika bahasha yenye tarehe na kufungwa pamoja na ripoti. Bunduki itolewe zamu siku hiyo hiyo, na maboksi yenye namba ile yawekwe kando mpaka yajaribiwe. Kiwanda huweza kubishana na lalamiko. Hakiwezi kwa urahisi kubishana na maganda kumi yenye alama moja na tarehe zake.

Viongozi nao wana fungu lao. Bunduki mpya zisipokelewe kwa kuhesabiwa tu, bali kila moja ipigwe kwa risasi zile zile zitakazotumika kazini. Na anayeripoti kasoro asigeuzwe mtuhumiwa. Katika vita vya Vietnam, askari wa Marekani waliopewa bunduki mpya ya M16 waliona maganda yakikwama chembani, na lawama za kwanza ziliwaangukia wao kwamba hawasafishi silaha. Kamati ya Bunge lao ilipochunguza mwaka 1967 ilionekana kwamba baruti ilikuwa imebadilishwa, na wengi hawakuwa wamepewa vifaa vya kusafishia. Chemba zilipoanza kupakwa kromu na vifaa kufika, tatizo lilipungua sana. Waliokufa kabla ya hapo hawakurudi.

Mficha uchi hazai, walinena wahenga. Kikosi kinachoficha ubovu wa silaha zake hakizai usalama. Kesho utakapokabidhi zamu, askari mwenzako ataipokea bunduki ile ile kutoka mikononi mwako, na ataiamini kwa kuwa umempa wewe. Ikiwa ilikukwamia jana, mwambie. Kisha mpelekee fundi ganda.